Swichi ya Ndani ya Simu

Jumatatu, 14 Julai

Simu nne leo. Mbili vioo, moja tundu la chaji limejaa unga wa muhogo, moja imeogeshwa rubisi, pombe ya ndizi. Ya tano haikuwa na ubovu wowote. Mbadilisha fedha mmoja, mgeni hapa, analalamika saa ya simu yake inarudi nyuma yenyewe. Ni wa tatu mwezi huu. Nikamweleza kama ninavyowaeleza wote: hapa Kabanga simu ikinasa mnara wa Burundi inachukua na saa ya Burundi, na wenzetu wako nyuma yetu saa nzima. Zima saa ya kujirekebisha, weka kwa mkono, basi. Sikumtoza. Akaondoka ananiita mtaalamu. Nilifurahi, sikatai.

Jioni Masanja kapiga kutoka Mwanza. Mzee, baba yetu, anapasuliwa koo Ijumaa. Uvimbe umeshafunga karibu njia yote ya hewa. Madaktari hawakumficha mdogo wangu: anaweza asiamke.

Nikamwambia mama. Alikuwa anamenya ndizi. Akauliza, Ijumaa hii? Nikasema ndiyo. Akaendelea kumenya.

Ana wiki ya nne hapa kwangu. Mzee aliondoka nyumbani kwao Nyantakara na Masanja asubuhi, mama akafunga nyumba kesho yake akaja huku. Hasira tu. Mzee aliuficha uvimbe mwaka mzima. Akauza mtamba wa mama, yule aliyepewa na babu, fedha akampelekea mganga mmoja wa Bisibo bila kumwambia mtu. Mama aliyasikia kwa majirani bombani. Siku ya safari hakutoka nje kumsindikiza. Alisimama mlangoni akamwambia kwa mikono, ili aelewe vizuri: nenda na siri yako.

Tangu siku hiyo hajamtaja. Sisi wote tunazunguka jina la mzee kama shimo la choo.

Jumanne, 15 Julai

Mama kaniita kabla sijafungua kibanda. Amelala vibaya, inaonekana. Anataka kupanda basi la kesho kwenda Mwanza.

Goti lake limevimba ukubwa wa papai. Kutoka hapa hadi Mwanza ni kutwa nzima kwenye kiti. Nikamkatalia. Nikasema, Mayu, simu itatosha, utamwona na atakuona, nitakufungia kwenye runinga kubwa. Akaniangalia muda mrefu. Akauliza kama nina hakika. Nikasema hiyo ndiyo kazi yangu.

Niandike vizuri kwa nini lazima iwe picha. Mzee masikio yalikufa na homa nikiwa darasa la pili. Hasikii radi. Yeye na mama wana mikono yao, waliyoitunga wenyewe miaka yote hiyo, na sisi watoto tunaelewa nusu. Sauti alikuwa nayo, sasa uvimbe umeichukua. Simu ya kawaida kwake ni jiwe.

Nikamwambia mama, au umpe Masanja ujumbe amfikishie. Akakasirika. Mambo yake na baba yetu hayapitishi kwa mtoto. Ndivyo walivyolelewa, hata senene wakigombania hawatutumi.

Masanja kaongea na muuguzi mkuu wa wodi. Ijumaa saa nne kamili asubuhi tunaruhusiwa. Nusu saa. Saa nne na nusu wanamsukuma chumba cha upasuaji. Si kabla, kwa sababu ya usafi na daktari kupita, na si baada.

Jioni nimejaribu. Picha imeganda mara saba ndani ya dakika kumi. Mikono ya Masanja inaonekana kama matope. Nyumba yangu iko kwenye kibonde, laini yangu inapata nguvu kidogo tu. Laini ya mama ni ya kampuni nyingine, mnara wao uko kilimani hapo juu, lakini nayo inakwenda ikichoka.

Kila moja peke yake haiwezi. Zote mbili pamoja zitaweza. Ipo programu ya kufanya hivyo. Nimewahi kuisoma, sijawahi kuitumia.

Jumatano, 16 Julai

Kibanda nimefungua nusu siku.

Programu inaitwa swichi pepe. Ofisini wana kile kisanduku chenye matundu mengi, unachomeka nyaya, kila kompyuta inaongea na mwenzake. Hii inatengeneza kisanduku hicho ndani ya simu, hakishikiki, hakionekani. Tundu la kwanza laini yangu. Tundu la pili laini ya mama, ambayo nimeitoa kwenye kitochi chake, simu ndogo ya vibonye, nikaiweka kwenye mkweche wa simu wa dukani, nikauunganisha kwa waya. Tundu la tatu kompyuta mpakato. Kompyuta kwenye runinga. Mtandao wa laini mbili unaingia, unachanganyika, unatoka mmoja wenye nguvu.

Kwa maandishi ni rahisi. Kwa kweli imenitoa jasho.

Kwanza kompyuta haikupewa anwani ya mtandao. Swichi inaiona, haiiongeleshi. Nimeandika anwani kwa mkono, ikakubali. Pili, kila dakika sita swichi inakufa. Kumbe simu inaibana betri, programu ikikaa kimya kidogo inanyongwa. Nimezima kubana betri. Tatu, simu ikachemka kama kikaango, ikajizima. Nimefunga programu zote nyingine, hata ile ya kupigiana video, nimeiacha swichi peke yake. Ya video itafunguliwa kwenye kompyuta ikifika saa yenyewe, basi.

Nne, na hili ndilo limenitesa: mtu akinipigia, laini inaacha mtandao inakwenda kwenye sauti, daraja linavunjika. Likishavunjika inachukua dakika nane kulijenga upya. Leo wateja wawili wamelivunja. Mmoja alikuwa anauliza kama nauza kava.

Nimeziweka simu zote mbili zikatae kupigiwa. Anayepiga anaambiwa hapatikani. Sasa halina wa kulivunja.

Mama Joyce kaniuliza jioni, na Masanja akitaka kukupata? Mke wangu ana tabia ya kuuliza swali ukiwa umeshafunga kazi. Nikamwambia Masanja tumeshapatana naye saa. Na ikibidi ana namba yako wewe.

Jumatano hiyohiyo, kabla ya chakula

Nimemwona mama nyuma ya nyumba. Amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, peke yake, mikono inakwenda. Anafanya mazoezi. Sijaelewa yote. Nimeelewa kiganja kifuani, halafu kidole kinagusa hereni. Hereni ndilo jina lake kwa mzee. Halafu mikono miwili inafungua kama mlango. Akarudia. Akafuta kwa kutikisa kichwa, akaanza upya.

Nimerudi ndani taratibu. Nimeona aibu, kama mtu aliyechungulia barua.

Alhamisi, 17 Julai

Siku mbaya. Nimemfokea Joyce kwa kukanyaga waya, mtoto wa miaka minane, akalia hadi anaenda shule. Nitamwomba radhi. Sijamwomba.

Swichi inaikataa kompyuta. Jana iliikubali, leo haiitaki. Inasema ufunguo si halali. Nimefuta programu, nimeiweka upya. Hivyohivyo. Nimebadilisha waya. Nimebadilisha anwani. Nimetukana.

Saa nane mchana ndipo nikajua. Kompyuta ni kuukuu, kile kibetri chake cha ndani cha kutunza saa kimekufa. Ukiizima na kuiwasha inaamini tuko miaka kumi nyuma. Swichi inatoa funguo zenye saa ndani yake, kifaa chenye saa tofauti inakiona mwizi. Jana nilikuwa nimeirekebisha saa bila kufikiri. Leo nilisahau.

Nimesoma mwongozo wote, mara hii kwa utulivu. Unasema vifaa vyote vifuate saa ya simu, na simu yenyewe ifuate saa ya mtandao. Nikawasha. Simu, kompyuta, runinga, zote saa moja, dakika moja. Swichi ikakubali papo hapo.

Saa moja na nusu nzima imekaa bila kuvunjika. Natuma pakiti za majaribio, vijipande vya data, zinarudi zote. Nimempigia Masanja picha kupitia kompyuta. Uso wake umejaa runinga, nimeona hadi chunusi. Mama kasogea karibu akagusa kioo. Mzee alikuwa amelala, hatukumwamsha. Lakini tumemwona mguu mmoja umetokeza kwenye shuka. Mama akasema huo mguu haujaoshwa vizuri. Ni mara ya kwanza kumtaja, ukiacha ile habari ya basi.

Nimefurahi. Naandika ukweli. Nimejisikia mkubwa.

Basi la Mwanza limepita barabarani saa kumi na mbili asubuhi leo, likapiga honi. Mama alisimama dirishani mpaka likapotea.

Ijumaa, 18 Julai

Sijui nianzie wapi. Nitaandika kwa mfuatano, kama ninavyoandika ubovu.

Nimeamka mapema. Mama Joyce ameondoka gizani kwenda gulio la mpakani na vitenge vyake, kabeba simu yake. Joyce kaenda shule. Nikazima simu na kuiwasha upya, ianze ikiwa baridi. Nikaunganisha kila kitu. Yote yakashika mara ya kwanza. Nikatazama saa kwenye kioo nikashangaa nina muda mwingi kuliko nilivyodhani. Nikanywa chai bila haraka.

Mama kaoga. Kavaa gauni lake la kanisani na zile hereni. Kapaka mafuta mikononi hadi viwiko. Akakaa mbele ya runinga, goti limenyooshwa juu ya kigoda, mikono mapajani.

Ukungu ulikuwa mzito, huu wa Julai. Jua halikuonekana kabisa. Nje kama maziwa.

Tukakaa. Natuma pakiti, zinarudi. Natuma, zinarudi.

Mama akasema, tumpigie sasa. Nikasema bado, Mayu, hospitali ina saa zake, tukiingia kabla watatufukuza. Baadaye akasema watoto wa shule wameshatoka nje kunywa uji, anasikia kelele zao. Uji shuleni ni saa nne. Nikasikiliza. Kweli walikuwa nje. Nikasema labda leo wamewatoa mapema. Akasema, Shija, naona kama tumechelewa. Nikamwonyesha kioo. Nikamwambia, hii si saa ya kukisia, hii inatoka kwenye mnara.

Nilisema hivyo. Nimeyaandika hapa ili nisije nikajidanganya kwamba sikuyasema.

Angekuwa na kitochi chake angetazama. Kitochi kilikuwa juu ya kabati, nilitoa betri kutoa laini, nikairudisha, sasa kinasema saa sita usiku.

Kwenye kioo ilikuwa saa tatu na dakika hamsini Mama Joyce alipoingia. Alikimbia kutoka gulioni, kiatu kimoja mkononi. Hakusalimia. Akasema Masanja anawatafuta tangu saa nne, simu zenu hazipatikani, gulioni kuna makelele sikusikia mpaka sasa hivi, kuna nini? Nikamwambia bado dakika kumi. Akatazama runinga. Akatazama simu yake. Akasema, Baba Joyce, hiyo ni saa ya Burundi.

Yeye ni Mhangaza, mzaliwa wa hapahapa mpakani. Kaona kwa jicho moja.

Niliwasha ile saa ya kujirekebisha jana kwa mkono wangu. Ile ninayowaambia watu wazime. Asubuhi simu ilipowaka ikaanza na mnara wa ng'ambo, ikachukua saa yao, ikarudi kwetu nayo. Na vifaa vyote vikaifuata, kama nilivyoviagiza.

Nikafungua video. Masanja akapokea mara moja. Picha safi. Nyuma yake kitanda kitupu, shuka imekunjwa robo. Alikuwa analia, na kila chozi lilionekana. Walimchukua saa nne na nusu.

Mama hakupiga kelele. Alitazama kile kitanda. Aliinua mikono kidogo kutoka mapajani, kama anataka kuanza, akairudisha.

Picha haikukatika hata mara moja. Ilidumu mpaka nilipoizima mimi.

Jioni

Katoka chumba cha upasuaji saa tisa. Yuko chumba cha mahututi. Hajaamka. Wamemwekea mashine ya kupumulia.

Nimerudisha laini ya mama kwenye kitochi. Nimefuta swichi kwenye simu. Nimeweka saa kwa mkono.

Mama amesema kesho anapanda basi. Nimesema ndiyo, Mayu.

Jumamosi, 19 Julai

Naandika Nyantakara.

Tulipanda basi alfajiri, mimi na yeye. Nilimkatia kiti cha mbele anyooshe goti. Hakulalamika hata kwenye mashimo. Alishika kitochi mkononi njia nzima.

Kabla ya Nyakanazi kikalia. Masanja. Mama akanipa mimi nipokee, hakutaka kuweka sikioni. Nikasikiliza. Sikuhitaji kumwambia. Alikuwa ananitazama mdomo, kama alivyozoea kutazamwa.

Akamwomba dereva asimame, kwa adabu kabisa, kama mtu anayeshuka sokoni. Tukashuka Nyakanazi. Basi likaendelea na safari, viti vyetu viwili vitupu. Tukachukua pikipiki mbili hadi nyumbani. Nilikuwa nyuma yake vumbini. Amejifunika kitenge kichwa kizima, sikumwona uso.

Akafungua nyumba mwenyewe. Akafagia uani kwa goti lile. Akaanza kutoa viti nje, watu watakuja.

Mimi ni mpumbavu. Sina neno jingine la kuliweka hapa.

Jumatatu, 21 Julai

Tumemzika saa nane mchana. Watu wengi. Wasukuma wa huku kote wamekuja, na Wasubi wa kijiji cha pili, na mchungaji. Mganga wa Bisibo naye alikuja, akakaa mbali. Hakuna aliyemfukuza.

Masanja alifika na mwili jana. Hajanisalimia zaidi ya mkono.

Wazee wananipa pole halafu wanauliza kama nitawatazamia simu zao baadaye. Mmoja kaniletea yake palepale makaburini, haishiki chaji. Nimeipokea. Nilitaka kitu cha kushika.

Jumanne, 22 Julai

Masanja kaniita kwenye zizi. Tulibaki wawili. Nilidhani atanipiga, na nilikuwa tayari. Hakunipiga. Aliyonieleza ni mabaya kuliko hayo. Nayaandika mara moja, kisha sitayarudia.

Saa nne kasoro robo mzee alikuwa amekaa kitandani, ameegemezwa mito. Aliomba kunyolewa, muuguzi akamnyoa. Masanja akaisimamisha simu mbele yake juu ya kimeza. Akamwonyesha kwa ishara, mama anakuja humu. Mzee akaelewa. Akajipangusa macho kwa shuka.

Saa nne. Masanja anapiga, hatupatikani. Anapiga namba ya mama, haipatikani. Video, haipokelewi. Mzee anatazama kioo. Kwenye kioo anajiona mwenyewe tu.

Dakika ishirini alikaa hivyo bila kugeuka.

Halafu akamtazama Masanja. Akagusa sikio, pale pa hereni. Akasukuma hewa kwa kiganja. Hiyo hata mimi ninaielewa, tuliiona tangu utoto, anamwambia mbwa, anamwambia mtu wa kodi. Maana yake, mama amekataa.

Masanja akatikisa kichwa sana, akaonyesha simu, akaonyesha mnara, akazungusha mikono. Unamwelezaje mtandao kwa ishara mtu ambaye hakuwahi kusikia simu ikilia? Mzee akamwekea mkono begani, kumtuliza. Akachukua ile simu akailaza kifudifudi kwenye kimeza. Akalala mwenyewe, akavuta shuka.

Walipokuja kumsukuma hakufungua macho.

Masanja alipomaliza alikuwa ameshika mti wa zizi kwa mikono miwili. Akasema mama hajamuuliza kitu. Akasema siku akiuliza, si yeye atakayejibu. Utajibu wewe, kaka, wewe uliyezima simu.

Nikasema sawa.

Ijumaa, 25 Julai

Wiki moja. Masanja karudi kazini Mwanza. Mama Joyce na mtoto walikuja msibani, wamerudi Kabanga juzi. Nimebaki mimi na mama.

Nimerekebisha simu tano za watu. Bure zote. Simu sizichukii, zimefanya nilichoziambia. Najichukia mimi na ile sauti niliyotumia: hii si saa ya kukisia. Mtu wa miaka sitini na tisa anaambiwa hivyo na mwanawe, amevaa gauni la kanisani.

Nafikiria mlolongo. Nisingezima kupigiwa, Masanja angetupata. Nisingeiwasha ile saa, tungekuwa tayari. Laini ya mama ingebaki kwenye kitochi chake, kingelia. Ningemwacha apande basi la Jumatano, angekuwa amekaa kwenye kile kitanda akimsugua mguu. Kila kimoja nilikifanya kwa akili, kwa kusoma mwongozo. Nimevipanga na kuvipangua mara nyingi, hakuna hata kimoja ambacho mtu mwingine alinisaidia kukifanya.

Ningemkosea kwa uvivu ingekuwa rahisi zaidi kusema.

Jumamosi, 26 Julai

Hajauliza.

Leo kaketi muda mrefu nyuma ya nyumba, upande wa kaburi. Mikono imetulia. Hafanyi mazoezi tena, kwa nani? Nilimpelekea uji, akasema asante mwanangu. Sauti ya kawaida. Ningependa anitukane.

Mikono ile, ile lugha nzima, sasa kuna mtu mmoja tu duniani anayeijua. Sikuwa nimeliwaza hilo.

Jumapili, 27 Julai

Kesho narudi Kabanga. Hakutaka kuja nami. Ana shamba, ana kuku, majirani wapo.

Baada ya kanisa akatandika mkeka uani, akamwaga maharage kwenye ungo, akaanza kuchambua. Nikakaa kumsaidia. Jua zuri, upepo kidogo. Tulichambua mpaka ungo wa kwanza ukaisha.

Kwenye wa pili akauliza, bila kuinua kichwa. Akauliza Kisukuma, polepole. Siku ile mzee alisubiri?

Nikatoa jiwe moja kwenye maharage. Nikalitupa.

Nikasema hapana, Mayu. Walimchoma sindano ya usingizi asubuhi mapema. Hata tungempigia saa nne kamili asingetuona. Alilala mpaka wakamchukua.

Akafikiri. Vidole vyake vikaendelea kutembea kwenye maharage. Akasema, afadhali. Akasema alikuwa anaogopa kwamba alikaa pale akamngoja.

Akapepeta ungo, makapi yakaruka. Akaniambia nisogee, ninapata vumbi.